Visanduku vya Nusu Saa

Mtu aliyenifundisha kutunza muda alikuja Mwanza kwa ndege, akalala hotelini siku tatu, akaondoka bila kumuuliza hata mmoja wetu anaamka saa ngapi. Nalisema hili mapema ili ijulikane nasimama upande gani. Hasira nilikuwa nayo, ikaisha. Dharau ndiyo iliyobaki, na sioni dalili kwamba nayo itaisha.

Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini. Nilikuwa mpiga chapa katika shirika moja la umma ambalo jengo lake siku hizi limegeuzwa maduka ya vipuri. Kila mtu alikuwa akizungumza ubinafsishaji, hata wale ambao ulimi uliwagomea katikati ya neno. Tuliambiwa shirika litauzwa, na huyo atakayelinunua hatataka watu wazembe, kwa hiyo tulipaswa kunolewa kabla hajafika. Ndipo akaletwa huyo bwana, ambaye barua za ofisi zilimwita mshauri mwelekezi. Barua hizo nilizipiga mimi. Mara ya kwanza nilidhani bosi amekosea, kwa maana sikuona mshauri anatofautianaje na mwelekezi. Bosi alinijibu kwamba hilo ni cheo, nisiguse kitu.

Semina ilifanyika katika ukumbi wa hoteli kando ya ziwa. Ilikuwa ianze saa mbili asubuhi, na sote tulikuwepo, tumevaa nguo za kanisani. Mshauri mwenyewe aliwahi, hilo silikatai. Alibandika ukutani karatasi kubwa yenye mada ya kwanza kwa wino mwekundu: MUDA UKIPOTEA HAURUDI. Kisha tukakaa kumsubiri mgeni rasmi aje kufungua. Saa tatu ikapita, saa nne ikapita. Tuliangalia magugu maji yakisukumwa na upepo kutoka upande mmoja wa ghuba kwenda mwingine. Mgeni rasmi alifika saa tano kasorobo. Tukasimama, tukapiga makofi, akasema amefurahi sana kukutana na wafanyakazi wanaojali muda, akafungua semina, akaondoka. Chai ikaletwa. Tulipomaliza chai ilikuwa saa sita, na mada ya muda kupotea ikasogezwa mpaka kesho yake.

Hakuna aliyecheka. Wala mimi sikucheka, na hilo ndilo linalonikera nikikumbuka. Niliandika kichwa cha mada kwenye karatasi yangu, nikakipigia mstari kwa rula.

Siku ya pili kila mmoja alipewa daiari nene yenye jalada jeusi. Kila ukurasa ulikuwa siku moja, na kila siku ilikuwa imekatwakatwa visanduku vya nusu saa, vyote sawa kama matofali. Mshauri alitupa na sheria zake. Panga kesho yako jioni ya leo. Fanya jambo moja kwa wakati mmoja. Funga mlango, usikubali kukatizwa. Karatasi ukiishika mara ya kwanza, uimalize, usiishike mara ya pili. Mhasibu wetu, mtu mpole asiyependa makuu, aliinua mkono akauliza umeme ukikatika inakuwaje. Wakati huo mgawo wa umeme ulikuwa umetuchosha mpaka tumeacha kuulalamikia.

"Mpangaji mzuri," mshauri akajibu, "hutarajia yasiyotarajiwa."

Hilo nalo tuliliandika.

Tuliporudi ofisini, mambo yalianza kwenda kombo tangu wiki ya kwanza. Zile daiari zilichapwa kwa saa za Kizungu, kwamba asubuhi inaanza saa nane. Wengine wakajaza kwa Kizungu, wengine kwa Kiswahili, wengine wakachanganya. Bosi akabandika tangazo la kikao saa 3. Nusu ya ofisi ikafika saa tatu asubuhi, nusu ikafika saa tisa alasiri, na yeye akawakaripia wote, kundi kwa kundi.

Bosi hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mnene, mcheshi asipokuwa na wasiwasi, na mkanda wake aliufungia chini ya tumbo. Lakini alikuwa na wasiwasi wakati wote siku zile, na mtu mwenye wasiwasi ukimpa sheria anaishika kama mtu anayezama anavyoshika gogo. Kila Ijumaa alikagua daiari zetu na kutia sahihi. Aliamuru hata tarishi awe nayo.

Tarishi wetu alikuwa mzee wa Kikerewe, mtu wa maneno machache, aliyekuwa katika shirika lile tangu siku jengo linapakwa rangi ya kwanza. Ijumaa moja nilikuwepo bosi alipoifungua daiari yake. Kurasa zote tano za wiki zilikuwa na karibu neno moja tu, limeandikwa kwa herufi kubwa za mtu aliyejifunzia kusoma ukubwani, kisanduku baada ya kisanduku: Kusubili. Kusubili. Kupereka barua. Kusubili.

"Mzee, hiki ni nini?"

"Kusubili, bosi."

"Siku nzima?"

"Mkiniita naenda. Msiponiita nasubili. Nikienda kufanya kingine, mtakaponiita mtanikuta?"

Bosi alicheka sana. Akachukua kalamu nyekundu, akazisahihisha zile L zote kuwa R, ukurasa hadi ukurasa, kazi iliyomlia visanduku viwili vyake mwenyewe, kisha akatia sahihi.

Mimi nilijaza yangu kwa ukweli, kwa kuwa nililelewa na mama aliyeamini kwamba kilichoandikwa kinasomwa na Mungu. Niliandika: kupiga barua. Umeme umekatika. Kumsubiri bosi asome barua. Mazungumzo. Umeme umerudi, kupiga barua. Mwenzangu wa meza ya pili aliniangalia kwa huruma. Yeye kila kisanduku aliandika "Kuboresha utendaji", kuanzia asubuhi hadi jioni, na saa ya chakula akaandika "Kutathmini utendaji".

Baada ya miezi mitatu daiari zilikusanywa, zikakaa kwa bosi majuma mawili, tukarudishiwa. Mwezi uliofuata, asubuhi moja, bosi alinipa karatasi iliyoandikwa kwa mkono. Akasema nipige nakala tatu na nisimwonyeshe mtu. Kisha badala ya kurudi chumbani kwake akasimama dirishani, amenipa mgongo. Kichwa kilisema: Watumishi Watakaopunguzwa, Awamu ya Kwanza. Kulikuwa na safu ya jina, safu ya cheo, na safu ya sababu. Namba nne alikuwa tarishi. Sababu yake: muda mwingi hana shughuli. Nikaendelea. Namba tisa ilikuwa na jina langu. Sababu: mazungumzo mengi saa za kazi.

Vidole vyangu vikasimama.

"Bosi, namba tisa ni mimi."

"Piga tu, mama," akasema bila kugeuka. "Si mimi niliyepanga. Daiari zenu ndizo zilizosema."

Nikapiga. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini sikusimama nikatoka. Nilipiga nakala zote tatu bila kukosea herufi moja, nikazipanga, nikazibana pini, nikampa kwa mikono miwili. Hata jina langu nililipiga vizuri. Tulipoondoka, mzee tarishi alinisindikiza hadi kituoni akaniambia kwamba yeye anarudi Ukerewe, ana mashamba ya mihogo. Alipanda gari la mjini kuelekea bandarini. Sikumwona tena. Yule wa kuboresha utendaji alibaki. Alikwenda na awamu ya pili.

Tulikuwa tunakaa Igogo, mlimani kidogo, kwenye nyumba iliyobanwa na mawe mawili makubwa. Mume wangu alikuwa fundi wa injini kwenye kivuko cha Kigongo na Busisi, na nyumbani alikuja mwisho wa wiki kivuko kikimruhusu. Nilikuwa na cherehani ya kukanyaga, zawadi ya mama yangu nilipoolewa, na mume wangu aliwahi kumtengenezea mtu injini ya boti akapewa ovaloku kuukuu, ile mashine ya umeme ya kufunga kingo za kitambaa zisifumuke. Nilijua kushona tangu usichana. Kwa hiyo nikaweka meza barazani, nikawa fundi.

Hapa ndipo aibu yangu ilipo. Mtu akichapwa fimbo akiachiwa anaitupa fimbo, au anaichoma. Mimi niliibeba nyumbani. Nilikuwa nimejiaminisha kwamba kosa langu ofisini lilikuwa kutoifuata daiari vizuri, na kwamba sasa, nikiwa bosi wangu mwenyewe, nitawaonyesha. Nikakata siku yangu visanduku. Saa mbili hadi tatu, kukata. Saa tatu hadi nne, mashine. Saa nne hadi sita, wateja. Saa saba, mapumziko na tafakari. Mshauri alisisitiza tafakari. Saa nane, pasi na ovaloku. Nikabandika tangazo mlangoni la saa za kuwaona wateja. Jirani yangu, aliyekuwa akikaanga mapanki, yale mabaki ya sangara kutoka viwandani, pale chini na kuwauzia wapita njia, alipanda akalisoma kwa sauti, neno kwa neno.

"Hapa ni kwa fundi au kwa daktari?" akauliza.

Nilimjibu kwamba ni kwa mtu anayejua thamani ya muda. Nashukuru kwamba hakulirudia jibu hilo mbele za watu.

Mume wangu alikuja Jumamosi moja, akaona daiari mezani, akaifungua. Alisoma kimya, kidole kikishuka kisanduku hadi kisanduku, kisha kikasimama.

"Saa kumi na nusu. Baba watoto," akasoma. "Kumbe mimi nina nusu saa."

"Ni ya kuanzia tu," nikasema.

"Na magugu yakijifunga kwenye rafadha ya kivuko kule Busisi, nikafika saa kumi na mbili?"

"Utakuwa umeingia kwenye muda wa kukunja nguo."

Aliifunga taratibu. "Basi nitazungumza na wewe ukiwa unakunja," akasema, akaenda kuoga. Alikuwa na subira ambayo sikuistahili.

Umeme, kwa upande wake, hakuna aliyekuwa ameupa daiari. Ulikuja saa mbili asubuhi, wakati wa kukata, nami nikakata. Ukaondoka saa nane kasoro dakika chache. Nikafungua kisanduku changu cha pasi na ovaloku, nikakaa mbele ya pasi ya baridi. Naapa kwamba nilikaa. Nilikuwa na vifungo vya kushona, pindo za kukunja, watoto wa kupikia uji, lakini kisanduku kilisema pasi. Jambo moja kwa wakati mmoja.

Kisha akaja mama wa kwaya.

Alitoka ng'ambo, mwendo kidogo kupita Busisi, mwenyekiti wa kwaya ya kina mama ya kanisa lao. Alikuwa ameelekezwa kwangu na mume wangu pale kivukoni. Alibeba kichwani furushi la kitambaa cha bluu na kingine cheupe cha kola, na mkononi karatasi yenye vipimo vya wenzake kumi na mmoja na vyake. Alipiga hodi saa saba na dakika tano. Nilifungua mlango, nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba, nikamwambia kwa upole kabisa kwamba muda wa wateja umepita, ila nitamwona saa nane tafakari ikiisha, akae pale kwenye benchi. Nikafunga mlango. Nikarudi kutafakari.

Benchi lilikuwa juani saa hizo. Nilijua, maana nilikuwa nikianika unga juu yake.

Saa nane nilimwita. Aliingia, akaeleza kazi yake, hakulalamika. Magauni kumi na mawili, yachukuliwe Ijumaa baada ya wiki tatu, kwa sababu Jumapili yake kulikuwa na sherehe ya kwaya za makanisa kadhaa. Nilifungua daiari, nikahesabu visanduku, nikaona vinatosha na kubaki. Nikamwambia Ijumaa bila wasiwasi.

Visanduku vilitosha, lakini siku hazikutosha. Wiki ya kwanza mtoto wangu mdogo alishikwa na malaria. Wiki ya pili mgawo wa umeme ulibadilishwa, ukawa unatukuta kila alasiri, na mimi bado nikiisubiri alasiri ili nitumie ovaloku. Ijumaa mama yule alinitumia kijikaratasi kwa mkono wa dereva mmoja: hangeweza kuja, kivuko kinasuasua. Nikashukuru, kwa sababu magauni saba tu ndiyo yalikuwa yamekamilika. Matano yalikuwa hayana pindo wala vifungo.

Jumamosi asubuhi nikayafunga yote kwenye shuka, nikachukua sindano na nyuzi, nikaondoka kuyapeleka mwenyewe. Nilifika Kigongo kabla ya saa nne. Kivuko kilikuwa upande wa Busisi, na katikati ya maji palikuwa na shamba zima la magugu, kijani kibichi, linaelea. Upepo ulikuwa umeyaleta kwenye magati yote mawili na haukuwa na haraka ya kuyaondoa. Watu walikuwa wamekaa foleni kwenye vivuli vya magari. Wanawake walikuwa wanachambua dagaa, dereva mmoja ananyolewa, mwingine amefungua injini yote ameitandaza juu ya gunia.

Niliuliza kitaondoka saa ngapi. Mzee mmoja aliyekuwa na ng'ombe wake akaniangalia kama anayemwangalia mtoto.

"Yakiondoka magugu," akasema.

Nikakaa kwenye kivuli cha lori. Kwa saa nzima ya kwanza nililia kwa hasira, kichwa nimekiinamisha ili nionekane natafuta uzi. Kisha, kwa sababu mikono haikuwa na kingine, nikaanza pindo. Mwanamke wa dagaa akaniuliza yale ni ya nani, nikamweleza. Akanieleza habari za mkwe wake, na mkwe yule alikuwa na mambo mengi. Nilipoinua uso nilikuwa nimemaliza magauni matatu. Tukala mihogo ya kuchemsha. Nikamaliza la nne na la tano, na vifungo vyote. Upepo ulipogeuka saa tisa na kivuko kikaja, nilikuwa nimefanya kazi iliyonishinda kwa wiki mbili barazani kwangu, nikiwa nimekatizwa kila dakika na watu nisiowajua, mlango haupo wa kufunga. Nilikumbuka neno la tarishi pale, na L zake zote.

Kina mama wa kwaya walikuwa wamekusanyika kwa mwenyekiti wao. Walijaribu magauni huku wakicheka na kugeuzana. Moja lilibana kifuani, nikalifumua palepale nikaliachia. Mwenyekiti aliniletea maji ya kunywa kwenye kikombe cha bati, akakaa karibu nami wakati nashona.

"Mwanangu, wewe ni fundi," akasema. "Mkono wako ni mzuri."

Nikashukuru.

"Ila siku ile ulinifungia mlango nina kiu. Nilitoka kwangu alfajiri. Nilitaka tu nikuombe maji, nikasema labda ndani kuna mgonjwa."

Hakusema kwa ubaya. Angesema kwa ubaya ningejitetea. Niliishika sindano, nikaangalia kile kikombe. Nilimwomba radhi, akasema yameisha, akaenda kuimba na wenzake. Mimi hayakuniishia. Hadi leo nikimfikiria yule mshauri na milango yake ya kufungwa, siioni sura yake. Namwona mama mmoja kwenye benchi, juani, akiwaza kwamba ndani kuna mgonjwa.

Nyumbani nilibandua tangazo la mlangoni. Daiari sikuitupa, maana karatasi zake zilikuwa nzuri. Niliigeuza nyuma mbele, nikaanza kuandika kwenye kurasa tupu, kwa majuma mawili, si yale niliyopanga bali yale yaliyotokea. Umeme umekuja lini, umeondoka lini. Wateja wamekuja lini. Macho yangu yamechoka lini. Hakuna mshauri aliyetuambia tufanye hivyo. Wote walitaka kutuambia siku iweje, na hakuna aliyetaka kujua ikoje.

Nilichokiona kilinichekesha. Wateja wangu wengi walipita wakitoka sokoni, saa tano hivi, na walikaa kupiga soga hata kama kazi yao ilikuwa kifungo kimoja. Mwanga mzuri barazani ulikuwa asubuhi tu, kabla jua halijaruka jiwe. Umeme haukuwa na mpangilio wowote isipokuwa kwamba siku nisiyouhitaji ulikuwepo.

Basi nikanunua vikapu vitatu vya ukindu. Kimoja nikakiita kapu la umeme: kila kinachohitaji ovaloku au pasi. Cha pili kapu la macho: kukata, kutoboa matundu ya vifungo, kazi ya kitambaa cheusi. Cha tatu kapu la mdomo: pindo, vifungo, kufumua, kila kazi ambayo mikono inaifanya wakati mdomo unaongea. Saa nikaziacha zijiendee. Taa ikiwaka, navuta kapu la umeme, hata kama nilikuwa katikati ya jambo jingine. Asubuhi, kapu la macho. Akiingia mtu, kapu la mdomo, na karibu maji. Nikisafiri kwenda ng'ambo kumwona mume wangu, kapu la mdomo linakwenda nami, na kivuko kikichelewa, kichelewe.

Nisijisifu kupita kiasi. Matundu ya vifungo nayachukia tangu utoto, na kapu la macho lilijaa matundu ya vifungo mpaka likawa kama dhambi iliyokaa pembeni. Kapu halimpendezeshi mtu kazi asiyoipenda. Ilibidi nijiwekee amri kwamba sinywi chai kabla ya kutoboa matundu ya shati moja, na kuna siku nilikunywa chai saa sita mchana. Vilevile kutoka kwa mshauri nilibakiza kitu kimoja, nakiri: ahadi naiandika. Sisi mafundi tuna sifa mbaya mjini, njoo kesho, njoo keshokutwa, na sifa hiyo tumeitafuta wenyewe. Nilianza kuandika kila ahadi ukutani kwa chaki na sikupokea zaidi ya sita kwa wiki. Wa saba nilimpeleka kwa fundi mwingine. Watu walikasirika, kisha wakarudi.

Kazi ilikua, nikakodi chumba Igoma, barabara ya Musoma, katikati ya mafundi seremala na wachomeleaji. Hapo ndipo bosi wangu wa zamani alinikuta. Shirika lilikuwa limeuzwa na yeye mwenyewe amepunguzwa. Alileta suruali nne za kupunguzwa kiunoni. Alikuwa amekonda, na tuliongea vizuri, nikazipunguza suruali zake tukiongea. Akaangalia vikapu, akauliza. Nikamweleza, mpumbavu mimi, mwanzo hadi mwisho. Alitoa kalamu.

"Hii ni mbinu kabisa," akasema.

"Ni vikapu, mzee."

Mwaka uliofuata aliingia dada mmoja, mwembamba, amempakata mtoto mchanga. Alikuwa amepunguzwa kutoka ofisi fulani na alitaka nimfundishe kushona. Aliviona vikapu vyangu, akatabasamu kwa kujua, akatoa kwenye mkoba karatasi iliyopigwa chapa vizuri. Alikuwa ametoka kwenye semina. Mwendeshaji, kwa maelezo yake, alikuwa mzee mmoja mcheshi ambaye suruali zilimkaa vizuri. Kwenye karatasi palikuwa na picha ya vikapu vitatu na kichwa cha maneno kirefu. Chini ya kila kikapu paliandikwa saa. Kapu la kwanza, saa mbili hadi nne. Kapu la pili, saa nne hadi saba. Kapu la tatu, saa nane hadi kumi.

"Dada, hapa umekosea kidogo," akaniambia kwa heshima. "Sasa hivi ni saa tano. Hutakiwi kuwa na hilo kapu mkononi."

Nilicheka mpaka mtoto wake akashtuka. Kisha nikamwelekeza akae, nikampa vifungo, na kwa miezi kadhaa nikajaribu kumfundisha vikapu jinsi vilivyo. Havikumfaa. Hakuweza kuacha kazi katikati umeme ukija. Alichanganyikiwa, akakata mikono ya gauni mara mbili. Mimi, niliyewadharau watu wote waliotaka kunipangia siku, nilimfokea kwa kutofuata mpango wangu. Alinisikiliza siku tatu, ya nne akaweka mkasi chini.

"Dada, mimi napangiwa na huyu," akasema, akimwonyesha mtoto aliyelala kwenye mabaki ya vitambaa. "Akilala nakata. Akiamka nakanyaga cherehani, anapenda mlio. Akilia, sifanyi kitu. Vikapu vyako vitamlisha huyu?"

Nilikuwa na majibu mengi, na yote yalikuwa ya mshauri mwelekezi. Nikayameza. Yeye akaendelea kushona kwa mpango wa mtoto, mimi kwa vikapu, chumba kimoja, tukigombana juu ya nani amechukua mkasi wa nani. Karatasi yake ya semina tuliikata ikawa kiolezo cha kola ya shati la shule. Ilikuwa karatasi ngumu, nzuri, ikadumu.